Mtoto Akitaka Kusomea Maigizo



Pamba imeuzwa. Deni limelipwa. Fedha kidogo zimebaki za kumsomesha mtoto. Amemaliza kidato cha nne, na amefaulu. Unamwuliza, "Unataka kusomea nini?" Anajibu, "Sanaa za maonyesho." Wazazi wengi hukasirika hapo. Husema, "Nilipe ada ukajifunze kucheza? Kucheza si unajua tayari?"

Swali hilo si baya. Fedha ya pamba ni jasho. Basi leo tutazame kazi hii ni nini, kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita tunajua nguvu ya maonyesho. Tunawajua Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno makundi haya mawili hushindana. Hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja. Kundi linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Tunaijua pia bugobogobo, ngoma ya jembe. Watu walilima kwa ngoma, na shamba kubwa likaisha mapema. Kwa hiyo maonyesho kwetu hayakuwa mchezo tu. Yalikuwa kazi.

Chuoni kazi hiyo hufundishwa kwa utaratibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwaka 1967. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981. Tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Watu hukiita TaSUBa.

Mwanafunzi hujifunza nini huko? Hujifunza kutumia pumzi, ili sauti yake imfikie mtu aliyekaa nyuma kabisa. Hujifunza kutumia mwili, ili hata asiposema watu waelewe. Hujifunza kutunga mchezo na kuuongoza. Hujifunza mavazi, taa na ngoma za makabila mengine. Tena hujifunza jambo gumu kuliko yote. Hujifunza kusikiliza watu.

Jambo hili la kusikiliza lina mfano wake karibu na sisi. Malya iko Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza, kwenye njia ya reli ya kwenda Shinyanga. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi pale. Walikuwa Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Mama Mlama ndiye Penina Muhando aliyeandika mchezo wa Hatia.

Walimu hao hawakuja Malya na mchezo uliokwisha andikwa. Kwanza waliwauliza wanakijiji shida zao. Yakatajwa matatizo ya vijana, na moja lilikuwa mimba za wasichana. Pili, walichambua pamoja nao chanzo cha shida hizo. Tatu, vijana wa pale wenyewe walionyesha mambo hayo kwa ngoma na maigizo. Nne, watu wote walijadili walichokiona. Hatua ni hizo nne: kuuliza, kuchambua, kuonyesha, kujadili.

Sisi mabwana shamba mara nyingi hufanya kinyume. Tunaanza kwa kusema, na tunamaliza kwa kusema. Watu hupiga makofi, kisha huenda nyumbani kufanya yale yale ya jana.

Chukua mfano wa zebaki. Katika Mkoa wa Geita wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake huingia mapafuni. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono huanza kutetemeka. Mtoto aliye tumboni hudhurika pia. Mtaalamu anaweza kuyasema hayo yote kwa saa nzima. Lakini kikundi cha maigizo kinaweza kuonyesha mtu anachoma zebaki jikoni, karibu na chungu cha chakula, na mtoto amelala pembeni. Kisha mchezo unasimama. Watu wanaulizwa, "Kwa nini anachomea ndani?" Mmoja anajibu, "Anaogopa dhahabu yake kuibiwa." Hapo ndipo penye shida yenyewe. Mtu huyo huenda anajua kuwa zebaki ni sumu. Hofu ya wizi inamshinda. Sasa mkutano unaweza kuzungumzia mahali pa pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba, penye ulinzi na kifaa cha kunasa mvuke. Hotuba ingeipita hofu hiyo bila kuigusa.

Basi je, mtoto atapata kazi? Nisikudanganye. Hakuna mshahara unaomngoja mlangoni. Wengine huwa walimu. Wengine hufanya kazi redioni, katika filamu, au katika vikundi vinavyoelimisha watu juu ya afya na kilimo. Wengine hukaa muda mrefu bila kazi. Lakini hali hiyo wanaijua pia vijana waliosomea mambo mengine.

Kabla hujalipa ada, fanya haya:

Kwanza, mtazame mtoto. Je, huwakusanya wenzake na kuwafundisha? Hurudia zoezi mara nyingi bila kuchoka? Au anapenda tu kuonekana?

Pili, ulizeni chuo chenyewe masharti ya kuingia, ada na muda wa masomo. Msimtegemee mtu wa kati. Chuo kikuu na taasisi ya Bagamoyo zina masharti tofauti.

Tatu, hesabu fedha zote. Ada si peke yake. Kuna nauli, chakula na malazi. Bagamoyo ni mbali.

Nne, kubalianeni atafanya nini akirudi likizo. Aanzishe kikundi kijijini. Mtaona kwa macho yenu alichojifunza.

Baba na mama, msimkatalie mtoto kwa sababu ya neno "kucheza". Msimkubalie pia kwa sababu analia. Kaeni, mwulizeni, mhesabu pamoja.

Mjadiliane darasani:
1. Ni shida gani ya kijiji chenu imehubiriwa mara nyingi bila kubadilika?
2. Mkiionyesha kwa maigizo, mchezo usimame wapi ili watu waulizwe swali?