Filamu Tulizotazama: Mzee Maruge Sebuleni Kwetu



Wasomaji wetu wapenzi, baridi ya Eldoret likizo hii imetukalisha ndani kila baada ya Isha, na watoto wakaomba tutazame filamu pamoja. Tulikubali kwa sharti letu la siku zote: sisi na mama yao ndio wenye kuchagua, na baada ya kutazama lazima tuzungumze. Leo tunawasimulia mbili.

Ya kwanza ni ya Kiirani ya mwaka 1997, Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni, iliyoongozwa na Majid Majidi. Mtoto Ali ampotezea dada yake Zahra viatu. Kwa kuwa wanajua baba yao hana uwezo, wanaificha siri hiyo na kuvaa jozi moja kwa zamu. Dada akitoka shuleni, kaka huvivaa akaenda mbio. Hamna bunduki wala jambo la kutahayarisha mbele ya wazee. Mdogo wetu hajui Kiajemi hata neno, lakini alielewa yote. Itazameni bila ya wasiwasi.

Ya pili ni The First Grader ya mwaka 2010, ya mwongozaji Justin Chadwick. Hii ni ya nyumbani kwetu hasa, kwani inamhusu Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, papa hapa Eldoret, Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, naye akachukua neno la "elimu bure kwa wote" kama lilivyotamkwa. Akavaa sare, kaptula na soksi ndefu, akaketi na watoto. Mzee huyo ameigizwa na Oliver Litondo, na mwalimu wake, Bi. Jane Obinchu, ameigizwa na Naomie Harris.

Litondo tumemsifu sote. Lakini tunawatahadharisha wazazi: mna kumbukumbu za mateso ya wakati wa Mau Mau na mauaji ya mke na mtoto, nasi ilitubidi tuwapeleke wadogo kulala. Tena tuna lawama ndogo. Filamu imelishika zaidi jambo la barua ya serikali ambayo mzee ataka kuisoma mwenyewe. Maruge wa kweli alikuwa akieleza pia kwamba ataka kusoma Biblia kwa macho yake, kwani hakuwa na yakini kwamba wahubiri wanamsomea sawasawa. Dini yake si yetu, lakini hamu hiyo twaijua, na tungependa ipewe nafasi zaidi. Nasi wa Eldoret twakumbuka kwamba ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimhamisha kwake, akawa anakwenda shule akitokea hemani. Alifariki Agosti 2009, akiwa bado mwanafunzi.

Sasa tuwaeleze lililotokea. Tulikuwa naye mama yetu mkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka Pwani. Binti yetu wa miaka 10 alikuwa akimfasiria Kiingereza. Filamu ilipokwisha, watoto walicheka kwa ile kaptula, yeye hakucheka. Akangoja hata wakaondoka, kisha akasema, "Mwanangu, mzee yule hakuona haya. Mimi nimeona haya maisha yangu yote."

Ndipo akatufungulia siri yake. Alitolewa chuoni mapema akalee wadogo zake, na mama yetu ni mmoja wao. Sura za Swala amezihifadhi kwa kusikia tu. Kila Ramadhani, wanawake wakikaa kukhitimisha, naye hushika juzuu yake, huchezesha midomo, na jirani akifunua ukurasa, naye hufunua.

Tulinyamaza kwa aibu. Tumesomesha watoto wa watu miaka mingi, na mwanamke aliyetulea kwa mikono yake hatukumuuliza hata siku moja kama ajua alifu na bee. Tulimwona na msahafu pajani, tukatosheka.

Wahyi wa kwanza ulikuwa ni amri ya kusoma, nao ulimshukia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akiwa na umri wa miaka 40. Wanawake wa zama zake walimwomba awatengee siku yao ya kufundishwa, naye akawatengea. Na tumefundishwa kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi aibu hii imetoka wapi, kama si kwetu sisi tunaojua?

Ombi letu ni jepesi. Ulizeni nyumbani, lakini ulizeni faraghani, kwa adabu, si mbele ya wajukuu wala wakwe. Na akina mama wenye darsa, wekeni saa moja ya wanaoanza, mlango ukiwa umefungwa.

Mama mkubwa ameahirisha safari yake. Mwalimu amemchagua mwenyewe: binti yetu, si sisi. Jana walikuwa kwenye herufi ya jimu, na tuliwasikia wakigombana juu ya nukta yake.

Wabillahi tawfiq.