VAZI LA KUIGIZA: TUSIHARAMISHE KWA HASIRA

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, upo mchezo wa vijana uitwao kosplei. Kijana hujishonea vazi la mhusika wa katuni au filamu, akalivaa siku ya mkusanyiko na kujifanya ndiye yeye. Jina hilo lilizaliwa Japani miaka ya 1980, na tangu 2003 mji wa Nagoya huwakusanya wachezaji kutoka nchi mbalimbali. Wala si jambo la wasiokuwa Waislamu peke yao. Februari 2017, mkusanyiko wa namna hiyo ulifanyika Jeddah kwa siku 3. Malaysia na Indonesia wapo mabinti wanaoikunja hijabu ifanane na nywele za mhusika. Nairobi nako mchezo huu upo.

Nini hukumu yake? Wako wanaojibu kwa neno moja: haramu. Wako wanaojibu kwa neno moja: burudani. Wote wameikimbia kazi ya elimu.

Kanuni mashuhuri ya mafakihi ni kuwa mambo ya ada asili yake ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Abu Daud amepokea kuwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za matambara. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, alijibu kwamba farasi wa Nabii Sulaiman walikuwa na mbawa, naye akacheka. Anayedai kuwa dini yetu haina nafasi ya mchezo wa kubuni na aanze kwa kuijibu hadithi hii.

Lakini uhalali huo una mipaka, na mipaka hiyo hatukuitunga sisi. Kwanza ni sitara: vazi linaloonesha uchi au kuuchora mwili halihalalishwi kwa kuitwa mchezo. Pili, Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) laana juu ya wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, na katika kosplei jambo hilo ni la kawaida. Tatu, baadhi ya wahusika ni miungu na makuhani, na akida haichezewi. Nne ni israfu na sala: rangi nzito ya uso huzuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi, na Alasiri haimngoji mtu anawe.

Basi mtoto aliyejitengenezea deraya ya maboksi, akasitirika, akaiwahi sala, tunamharamishia kwa dalili gani?

Twauliza kwa uchungu. Alikuwapo kijana katika madrasa yetu, mwenye juzuu 7 kifuani, aliyepigwa picha akiwa na upanga wa mbao na joho la pazia kuukuu. Khatibu mmoja alimnyooshea kidole kutoka juu ya mimbari na kumwita mwabudu masanamu. Sisi walimu wake tulikuwa safu ya mbele, tukanyamaza. Tangu siku ile hatujamwona Alfajiri.

Khatibu yuleyule hajawahi kusema neno juu ya sare za harusini zinazobana, ambazo sisi wazazi ndio tunaozilipia. Wala hajamkemea mwenye kuivaa kanzu nyeupe Ijumaa kisha Jumatatu akapokea rushwa ofisini. Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye kujionesha kuwa na asichopewa na mvaaji wa nguo mbili za uongo. Ndugu zetu, mtoto yule anajua kuwa anaigiza, na jioni hulivua vazi lake. Je, sisi twajua?

Enyi wazazi, ulizeni kabla ya kuchana. Tazameni vazi, mahali na marafiki, mkataze kwa dalili na mruhusu kwa dalili. Enyi walimu, aliyefukuzwa kwa maneno hurejeshwa kwa miguu: tumfuate nyumbani kwao tumtake radhi. Kwa upande wetu tumekwisha kubisha hodi mara mbili, na tutarudi inshaallah.

Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa na ndimi zenye huruma. Amin.