Jeraha Dogo la Sungura

Mwanafunzi mmoja alinijia chuoni akilia: sungura wake amechanwa paja na waya wa tundu, naye amemtia spiriti. Nia njema, dawa mbaya. Spiriti humchoma, naye hujiramba.

Damu ikitoka, bonyezeni kwa kitambaa safi. Punguzeni manyoya taratibu, kwani ngozi yake ni nyembamba. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi. Mtazameni asubuhi na jioni, maana nzi akitaga jerahani, funza hutoka kwa muda wa siku moja.

Jeraha likiwa la kina, au akisusa chakula nusu siku, mpelekeni upesi kwa daktari wa wanyama. Kisha ukunjeni ule waya. Asiyeweza kusema ni amana yetu.