Mbiu ya Intaneti na Jasho la Mwanga

Ukipita sokoni Mwanga, hapa Kigoma, utawaona akina mama wa dagaa, wauza vitenge, mafundi cherehani na vijana wa sabuni za mawese wakizipiga picha bidhaa zao kwa simu na kuzipeleka WhatsApp, Facebook na Instagram. Wako ambao wamekwenda mbele zaidi: wanalipa fedha ili picha hizo zionekane na watu wasiowajua, walioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na hata ng'ambo. Jambo hili si la kupuuzwa. Fedha inayolipwa ni jasho la mfanyakazi, na jasho halitolewi bila ya hesabu.

Katika jambo hili ndugu zetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, mwenye mali njema ana haja gani ya kupiga kelele? Kundi la pili linasema kwamba asiyetangaza katika intaneti amekwisha kufa kibiashara, na kwamba kila senti iwekwe katika matangazo. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamepotoka, na yafaa tuseme kwa nini.

Methali ya wazee ni ya kweli pale ambapo mnunuzi na muuzaji wanakutana katika soko moja, mnunuzi akashika kitu kwa mkono wake, akanusa na kuonja. Lakini dagaa wa Kibirizi na Katonga hawaliwi Kigoma peke yake. Husafiri kwa garimoshi na malori mamia ya kilomita, hupita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono huongeza bei yake. Wakifika mwisho wa safari, mnunuzi hamjui aliyewaanika, wala mwanikaji hamjui aliyewala. Kibaya zaidi, jina la dagaa wa Kigoma huweza kubandikwa juu ya dagaa wa ziwa jingine. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wa ukoo mwingine kabisa, naye ana wapenzi wake. Lakini kumwuza kwa jina la mwenzake ni udanganyifu. Kizuri kilichonyang'anywa jina kitajiuzaje?

Historia ya mji wetu yatosha kutufundisha. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa soko kubwa la pwani hii ya Tanganyika. Misafara ilifika hapo, chumvi ya Uvinza iliuzwa hapo, na mawese pia. Na twakumbuka kwa uchungu kwamba hata binadamu waliuzwa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ilianza kuhamia bandarini na stesheni. Ujiji haikukosa mali wala watu. Njia ndiyo iliyohama. Njia ikihama, soko huhama nayo, na anayebaki kungoja wateja kando ya njia ya zamani atangoja sana. Intaneti ni njia mpya, na wateja wamekwisha kuanza kupita huko.

Hata hivyo, anayepita njia mpya lazima ajue njia hiyo ni ya nani na ushuru wake hulipwaje. Hapa ndipo kundi la pili linapokosea.

Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004. Mwaka 2012 iliinunua Instagram, na mwaka 2014 ikakubali kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 hivi. Zote tatu leo ni mali ya kampuni moja, Meta. Mwaka 2024 mapato ya Meta yalizidi dola bilioni 160, na karibu yote yalitokana na matangazo. Google nayo, iliyoanza kuuza matangazo mwaka 2000, hupata humo sehemu kubwa ya mapato yake. Watu huuliza, mbona huduma hizi ni bure? Jibu ni rahisi. Kinachouzwa ni macho yetu. Kampuni hizi hujua tunapokaa, tunachopenda kutazama na saa tunazofungua simu, kisha huuza nafasi ya kutufikia kwa yeyote mwenye fedha.

Nafasi hiyo haina bei ya kudumu kama gazeti. Huuzwa kwa mnada, tena mnada unaofanyika upya kila mtu anapofungua simu yake. Mama wa dagaa wa Mwanga anaingia mnadani pamoja na benki, kampuni ya simu na kiwanda cha bia, wote wakigombea jicho la mtu mmoja aliyeko Dar es Salaam. Ni kweli kwamba mnada huo hauangalii fedha peke yake. Huangalia pia kama tangazo laelekea kumfaa mtazamaji, na hapo mnyonge hupata nafasi yake. Lakini asiyejua jambo hili atatupa fedha kwa watu wote bila kuchagua, naye atashindwa na wakubwa.

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Mama mmoja analipa shilingi 50,000 kwa tangazo la dagaa. Baada ya siku chache anaona watu 200 wamelipenda, na anafurahi. Kati yao watu 20 wanauliza bei. Kati ya hao 20, watu 4 wananunua, kila mmoja kilo 2. Ikiwa faida yake kwa kilo ni shilingi 5,000, faida yote ni shilingi 40,000. Basi mama huyu amepata hasara ya shilingi 10,000 huku akishangilia kupendwa na watu 200. Kupendwa si kununuliwa! Tena ikiwa hana kadi ya kulipia tangazo, akamtumia kijana wa kumlipia, lazima ahesabu na ujira wa kijana huyo.

Lakini hesabu haikomi hapo. Ikiwa mama huyu ameandika majina na namba za wateja wale 4, na kila mmoja wao akawa anaagiza kilo 2 kila mwezi, basi mwezi wa pili atapata shilingi 40,000 bila kulipia tangazo lolote, na mwezi wa tatu vivyo hivyo. Hasara ya mwezi wa kwanza imegeuka kuwa mtaji. Tofauti kati ya mama aliyepoteza na mama aliyepata ni daftari la shilingi chache. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tangazo nalo ni hivyo hivyo.

Kutokana na hayo, twatoa shauri kwa wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa Mwanga, Ujiji na mwambao wote.

Kwanza, tuanze na kile kisicholipiwa. Tangu mwaka 2018 iko WhatsApp iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara, ambamo mtu huweza kupanga picha za bidhaa na bei zake, kuandika saa za kazi na kuweka majibu ya maswali ya kila siku. Mwenye duka awekwe pia katika ramani ya Google, nayo haitozi kitu. Asiyeweza kujibu upesi wateja 5 waliokuja bure hana sababu ya kulipia wateja 50.

Pili, tujitambulishe sawasawa. Iko Mwanga nyingine, makao ya wilaya katika Mkoa wa Kilimanjaro, nayo inajulikana sana. Anayeandika kwamba duka lake liko Mwanga, kisha akanyamaza, huenda akawapeleka wateja wake Kaskazini! Iandikwe: Mwanga, Kigoma. Pia bei iandikwe wazi, pamoja na nauli ya mzigo. Desturi ya kumwambia mteja aulize bei faraghani humfanya adhani kwamba anapimwa mfuko.

Tatu, tangazo liwe la kweli. Anayepiga picha dagaa weupe waliokaushwa juu ya kichanja, kisha akatuma dagaa waliooanikwa chini wenye mchanga, hamwibii mteja mmoja tu. Anaiibia Kigoma nzima. Mchanga ule utakumbukwa kila litakapotajwa jina la mji wetu. Kazi ya tangazo njema huanzia mwaloni, kwenye kichanja, mizani na mfuko safi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kupotosha, lakini heshima ya mtu kwa kazi yake yapasa kuitangulia sheria.

Nne, tujihadhari na matapeli. Wako wanaotuma ujumbe wa uongo kwamba fedha imekwisha kutumwa, na wako wanaopokea fedha za watu kwa picha za bidhaa wasizo nazo. Muuzaji asitoe mzigo kabla ya kuangalia salio lake mwenyewe. Namba za ulaghai zipelekwe 15040, ili hatua zichukuliwe. Na yeyote anayetunza majina na simu za wateja ajue kwamba iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari la wateja ni amana, wala haliuzwi kwa jirani.

Tano, tusijenge nyumba yote juu ya nguzo moja ya kukodi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika ulimwenguni kwa muda wa saa sita hivi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikayumba katika Afrika Mashariki, nchi yetu ikiwamo. Soko la mtandaoni la Jumia, lililokuwa likitangazwa sana, lilifunga kazi zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Aliyekuwa na namba za wateja wake katika daftari aliwapigia simu, akaendelea na kazi. Asiyekuwa nazo alianza upya.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi kama hiyo muuzaji mwenye wateja anaowajua huweza kuwaandikia kwa ukweli kwamba ziwa limepumzishwa, akiba ni kiasi fulani, na mzigo mpya utapatikana mwezi fulani. Mteja aliyeambiwa ukweli hungoja. Mteja aliyenyamaziwa huenda kwa mwingine.

Shauri la sita ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni umoja. Wanawake 20 wanaouza dagaa wale wale, kila mmoja na ukurasa wake, kila mmoja akilipa shilingi 10,000 kwenda kwenye mnada ule ule, wanapandishiana bei wao kwa wao, na anayefaidi ni mwenye mnada. Lakini wanawake hao hao wakiungana kuwa na ukurasa mmoja, jina moja, kipimo kimoja cha ubora na kijana mmoja aliyefunzwa kujibu wateja na kutunza daftari, shilingi zao zitakuwa na nguvu. Wataweza kupakia mzigo kwa pamoja na kupunguza nauli. Wataweza hata kusajili alama yao ya biashara BRELA, ili mwenye dagaa wa mahali pengine asijivike jina lao. Mmoja peke yake hayawezi hayo.

Viongozi nao wana wajibu. Tangu Julai 1, 2022 sheria inazitaka kampuni za nje zinazouza huduma kwa njia ya mtandao hapa nchini zitoze kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huo huo ilianzishwa kodi ya asilimia 2 ya mapato ya kampuni hizo. Jambo hili ni la haki: anayevuna shambani petu achangie. Lakini kodi ya ongezeko la thamani mwisho wake hulipwa na yule aliyenunua tangazo, yaani mama yule yule wa Mwanga. Kwa hiyo haki inataka sehemu ya fedha hiyo imrudie kwa njia ya mafunzo. Ofisi ya SIDO ya mkoa na Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji hazina budi kuwafundisha watu wetu, kwa Kiswahili na kwa vitendo, jinsi ya kupiga picha, kuchagua walengwa, kupiga hesabu ya faida na kujua wakati wa kuacha kulipia tangazo lisilozaa. Mafunzo hayo yafanyike sokoni na mwaloni, saa ambazo akina mama wana nafasi. Semina ya siku moja hotelini haitoshi.

Kuna watakaosema kwamba tunawataka watu wetu waikimbie intaneti. La hasha! Twawataka waiingie, lakini wakiwa macho. Mbiu ya zamani ilipigwa na mtu wa kijiji, naye alijulikana kwake na kwao. Mbiu ya leo inapigwa na mashine zilizo mbali, ambazo hazijui kama dagaa wana mchanga wala kama aliyelipa amelala njaa. Mashine hizo hazitatuonea huruma, wala si kazi yao kutuhurumia. Hesabu ni kazi yetu wenyewe.

Basi kila mfanyabiashara mdogo wa Mwanga, kabla ya kulipia tangazo lake lijalo, na achukue kalamu aandike mambo matatu: ametoa shilingi ngapi, amepata wateja wangapi walionunua, na wangapi kati yao wamerudi. Atakayeweza kuyajibu hayo kila mwezi ndiye atakayeitumia intaneti. Asiyeweza, intaneti itamtumia yeye.