KWETU HAKUNA JIPYA

Kila Januari, makarani wanaporejea kutoka livu, huulizana habari za kwao, na jibu huwa moja: kwetu hakuna jipya. Sisi nasi tumelitoa jibu hilo miaka mingi, tukaitikiwa, tukarudi kwenye meza zetu. Sasa twataka kuwaambia wanachama wenzetu ya kuwa jibu hilo ni la uongo, na ya kuwa mtu aliyefundishwa kazi ya daftari yampasa aone haya kulitamka.

Sisi tuandikao ni watu wa Kilimanjaro, basi tutasema ya Kilimanjaro. Mwanachama wa Usambara au wa Bukoba atapima mwenyewe kama maneno haya yamhusu.

Desemba iliyopita mmoja wetu alitaka kumwonyesha mwanawe mfongo uliopita nyuma ya kihamba cha babu yake. Kwa wasiotoka mlimani twaeleza: mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono ya wazee, ukatoa maji katika kijito cha juu na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hata yakafika migombani. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wake na mzee wake, ambaye aligawa zamu na kuwaita watu kuuzibua. Na maji ya usiku yaliwekwa katika bwawa dogo liitwalo nduwa. Basi mwenzetu alikwenda na mtoto, akakuta ukingo umekuwa njia ya pikipiki, nyumba ya matofali imesimama juu ya mkondo, na ndani ya nduwa mahindi yameota.

Akamwendea ndugu mkubwa wa baba yake, akamwamkia, kisha akamwuliza, "Baba mkubwa, maji haya yalikatika mwaka gani?"

Mzee akamjibu, "Hayakukatika, mwanangu. Yalipungua."

Akauliza yalianza kupungua lini. Mmoja akasema ni kabla ya shule ya kata kujengwa; mwingine akasema ni baada ya mzee wa mfongo kufa; wa tatu akashikilia ya kuwa yalikuwako hata juzi. Na mwenzetu, aliyepita mahali pale kila Desemba kwa miaka 18, hakuwa na neno la kuongeza. Mtu huyu hufanya kazi masijala. Barua ikiingia huitia mhuri wa tarehe kabla hajaisoma. Ukimwomba jalada la mwaka 1994 atakuletea chai yako haijapoa. Lakini maji yaliyomlea yamekufa bila tarehe, wala hajui aandike nini.

Wako watakaotujibu ya kuwa wao wameona, kwa kuwa wameona theluji ya Kibo inavyokwisha. Ni kweli inakwisha. Mwaka 1912 barafu ilifunika kilometa za mraba zipatazo 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimesalia chini ya 2. Lakini hesabu hiyo tuliletewa na wageni waliopanda na vipimo, ilhali sisi tuliolala chini yake miaka yote tulikuwa tukisema mlima umejifunika mawingu. Tena waliochunguza jambo hili wasema ya kuwa maji ya barafu ile ni sehemu ndogo mno ya maji ya mito yetu. Mengi hutoka msituni, kwa mvua na kwa ukungu unaonaswa na miti. Na msitu wa juu umeliwa na moto kwa maelfu ya hekta tangu miaka ya 1970. Nani kati yetu ameutaja moto huo alipoulizwa habari za kwao? Twalilia barafu kwa sababu dunia nzima yaililia. Msitu hatuutazami.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisema ameona theluji juu ya mlima wetu, na wataalamu wa London wakamkatalia, maana walijua ya kuwa karibu na mstari wa ikweta theluji haiwezekani. Tumezoea kuwacheka wataalamu wale. Tusiwacheke sana, kwa kuwa ugonjwa wao ndio huu wetu: twajua kwetu kulivyo, kwa hiyo hatuna haja ya kutazama.

Na gharama yake si majonzi tu. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 652,722 katika hesabu ya mwaka 1967, na watu 1,861,934 katika ile ya mwaka 2022. Kihamba hakikuongezeka hata hatua moja. Kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na sale, mmea ule tulioufanya shahidi wa mpaka, hung'olewa usiku na kupandwa upya hatua mbili mbele bila kelele. Sheria ya ukomo wa madai ya mwaka 1971 humpa mtu miaka 12 kudai ardhi yake mahakamani. Ndiyo kusema, livu 12 za kutotazama zatosha kukunyima shamba la baba yako, nawe kila mara ukarudi ukisema hakuna jipya. Hata mstari wa msitu uliguswa mwaka 2005, msitu ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Jambo hilo liliandikwa, nasi ndio wasomaji. Ni wangapi kati yetu wawezao leo kuonyesha mstari huo wapita wapi juu ya kijiji chao?

Tumeambiwa ya kuwa hii ni kazi ya serikali ya kijiji. Vema, mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila miezi mitatu, nasi huenda mara moja kwa mwaka, wakati wa nyama na harusi, tukasifu migomba na kuondoka.

Hatusemi kila badiliko ni baya. Bomba limefika karibu na mlango, na bibi zetu, walioteremka korongoni na mitungi, hawakututuma tuulilie mfongo kwa niaba yao. Twasema tu ya kuwa jema na baya yote mawili yamepita mbele ya macho yetu bila kuandikwa.

Katika mkutano uliopita wa tawi tulitoa shauri ya kuwa kila mwanachama aendaye livu aandike ukurasa mmoja: maji yatoka wapi, sale liko wapi, mti gani umeanguka, nani aliyeulizwa, na tarehe. Katibu aziweke karatasi hizo. Wenzetu walicheka, na mmoja akasema ya kuwa karani aendaye livu huiacha kalamu ofisini. Shauri halikupigiwa kura.

Hata hivyo daftari limenunuliwa. Ukurasa wa kwanza ni wa mfongo ule: mahali nyumba iliposimama, urefu wa kipande kilichobaki kwa hatua, na majina ya wazee watatu walioulizwa. Mahali pa mwaka maji yalipokoma tumepaacha wazi.