Mizani, Tarakilishi na Barua ya Maombi: Dhidi ya Woga wa Wahakiki

Yapo mazoea yaliyoota mizizi katika idara zetu za Kiswahili ambayo yafaa yapingwe bila kuoneana haya. Mwanafunzi wa fasihi anapotangaza kwamba anataka kuomba nafasi ya uzamili katika programu inayounganisha sayansi ya tarakilishi na sanaa za kidijitali, hupokewa kwa namna mbili. Wapo wanaomwona mtoro aliyeikimbia taaluma. Na wapo wanaomtakia heri lakini wakamshauri aifiche fasihi yake, ajieleze kana kwamba miaka ya kuchambua tenzi ilikuwa maradhi ambayo sasa amepona. Hawa wa pili ndio hatari zaidi kwa sababu wanasikilizwa. Tunashikilia kuwa makundi yote mawili yanapotoka kwa sababu moja: yanaitazama arudhi ya ushairi wa Kiswahili kama pambo, ilhali ni mfumo wa kanuni.

Tuchukue mfano wa hesabu ya mizani. Asiyeijua fani hudhani kazi ni nyepesi: silabi za Kiswahili aghalabu ni wazi, basi hesabu irabu na umemaliza. Mwanafunzi wa tarakilishi ataandika programu ya namna hiyo kwa alasiri moja, nayo itakwama mapema sana. Neno ‘mbuzi’ lina mizani mbili. ‘Mbunge’ lina tatu, ingawa yote mawili yanaanza kwa herufi zile zile na kila moja lina irabu mbili. Katika neno la kwanza, nazali na konsonanti inayoifuata ni za silabi moja. Katika la pili, m ni kiambishi cha ngeli na inasimama peke yake kama silabi kamili. Wala haitoshi kuiambia mashine kwamba kila m ya ngeli ihesabiwe, maana katika ‘mtu’ inahesabiwa na katika ‘mwana’ haihesabiwi. Kisha yaja maneno ya mkopo kama ‘daktari’, ambamo konsonanti isiyo na irabu hupewa mizani yake na watunzi wengi. Kisha inkisari na mazida, ambapo mtunzi hulikata au kulirefusha neno makusudi ili mshororo utimie. Programu inayokusudia kuhesabu sawasawa italazimika kujua mofolojia, asili ya msamiati na desturi za watunzi. Ni nani atakayeifundisha hayo? Si mhandisi.

Au tuutazame utenzi: mishororo minne katika ubeti, mizani nane katika mshororo, mishororo mitatu ikishirikiana kina, na wa nne ukibeba kina kinachorudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu wa tarakilishi akisimuliwa masharti haya hataona ushairi kwanza. Ataona tatizo la kutafuta jibu ndani ya vizuizi, ambalo ni la kawaida kabisa katika taaluma yake. Mwanafunzi wetu amekwisha kulikabili kwa kalamu.

Historia yenyewe inaunga mkono hoja hii. Mwaka 1952 Christopher Strachey aliifanya tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Manchester itunge barua za mapenzi. Mwaka 1959 huko Stuttgart, Theo Lutz aliipa mashine msamiati uliotoka katika riwaya ya Franz Kafka ili ipange sentensi kwa bahati nasibu. Mwaka 1964, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walibuni lugha ya BASIC wakiwakusudia hasa wanafunzi wasiosomea sayansi. Hatushangai, basi, kwamba idara ya sayansi ya tarakilishi ya chuo hicho hicho imekuwa na uzamili wenye mkondo wa sanaa za kidijitali. Programu ya mawasiliano tendanishi ya Chuo Kikuu cha New York, iliyoanzishwa mwaka 1979, imewapokea kwa miaka mingi watu wasiowahi kuandika msimbo. Janet Murray, ambaye kitabu chake cha 1997 kuhusu mustakabali wa masimulizi ndani ya tarakilishi hakikwepeki katika uwanja huu, alisomea fasihi ya Kiingereza hadi uzamifu. Naye D. Fox Harrell aliuita GRIOT mfumo wake wa kutunga mashairi, kwa jina la manju wa Afrika Magharibi. Yaani fasihi simulizi ya bara letu imekwisha kupita mlangoni, nasi tungali tunabishana iwapo inaruhusiwa kubisha hodi.

Tugeukie Kiswahili chenyewe. Mfumo wa SWATWOL, unaochanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, uliundwa Helsinki chini ya Arvi Hurskainen, mtaalamu wa lugha za Kiafrika. Mradi wa kamusi ya Kiswahili katika intaneti ulianzishwa mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale na Martin Benjamin, ambaye fani yake ilikuwa anthropolojia. Hatusemi tuliibiwa. Walifanya kazi ambayo sisi tulikuwa tukingoja ifanywe na kitivo kingine.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Programu hizi hudai hisabati. Anayetaka kuchora taswira zinazotembea hana budi kuzijua vekta na matriki, na asiyejua miundo ya data atateseka katika muhula wa kwanza. Utenzi hauchukui nafasi ya aljebra, na mhadhiri anayemwambia mwanafunzi vinginevyo anamdanganya. Ajifunze kuprogramu kabla ya kuomba, mwaka mzima ikibidi. Lakini upungufu huo hutibika kwa vitabu na mazoezi. Kutojua kwa nini m ya ‘mbunge’ ni silabi hakuorodheshwi hata miongoni mwa mapungufu.

Mwanafunzi mmoja aliniletea maelezo ya kusudi lake ili nimwandikie barua ya pendekezo. Alikuwa ametumia miaka miwili kulinganisha miswada ya utenzi mmoja iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati ambayo kwa kawaida yake ina alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano, hata kila neno likawa fumbo la kuamuliwa kwa muktadha. Hayo yote hayakuwamo. Palikuwa na aya tatu kuhusu mapenzi yake kwa teknolojia tangu utotoni, za aina ambayo kila mwombaji duniani huandika. Alikuwa ameshauriwa na mwenzetu mmoja kwamba ‘mambo ya tenzi’ yangemfanya aonekane wa kale. Nilimrudishia, nikamtaka aanze na irabu.

Tunayoyadai si makubwa. Kanuni zetu za tasnifu ziikubali programu ya tarakilishi kuwa sehemu ya kazi inayotahiniwa, si kiambatisho cha kufunguliwa akipenda mtahini. Usimamizi ushirikiane na idara ya tarakilishi, iliyo jengo la pili kutoka kwetu. Na mhadhiri anayeombwa barua ya pendekezo aandike kwa kinaganaga mwombaji alilifumbua tatizo gani la mizani au la hati, kwa njia ipi, akifahamu kwamba barua hiyo itasomwa na mtu ambaye hajawahi kusikia neno ‘utenzi’.