Ahadi ni deni, lakini la shilingi ngapi?

Desemba 8, 2000, kampuni ya Equitable Life ya Uingereza ilifunga mlango kwa wateja wapya. Ilikuwa ikiuza bima ya maisha tangu 1762. Haikuunguzwa na moto wala kufilisiwa na mwizi wa ofisini. Ahadi zake yenyewe ndizo zilizoielemea.

Kuanzia 1957 hadi 1988 iliuza hati za akiba ya uzeeni zilizotaja mapema kiwango cha pensheni ambacho mteja asingekosa. Riba ikiwa juu, kipengele hicho kilikuwa pambo tu. Miaka ya 1990 riba ikaporomoka, wastaafu nao wakawa wanaishi zaidi, na pambo likageuka deni. Kampuni ikataka kuwapunguzia bonasi ya mwisho waliodai kiwango chao. Julai 2000 majaji wa Baraza la Malodi wakakataa. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 1.5, na mnunuzi wa kuiokoa kampuni hakupatikana. Mwaka uliofuata hati za pensheni zilikatwa asilimia 16 ya thamani yake, zikiwamo za watu ambao hawakuwahi kuahidiwa kiwango hicho.

Deni la namna hii halina risiti. Hukadiriwa.

Chukua kampuni iliyoahidi kumlipa mteja shilingi milioni 10 baada ya miaka 20. Ikidhani fedha zake zitazaa asilimia 8 kwa mwaka, leo inatosha kutenga kama milioni 2.1. Ikidhani asilimia 4, inahitaji karibu milioni 4.6. Mteja ni yuleyule na hati ni ileile. Kilichobadilika ni dhana ya mtakwimu bima, yaani mtaalamu anayekadiria madeni hayo, na deni limezidi maradufu. Ongeza makisio ya nani atafariki lini na nani ataacha kulipa njiani, uone jinsi faida ya mwaka inavyoweza kupikwa bila kuiba hata senti.

Ndiyo maana kanuni ya uhasibu ya IFRS 17, iliyoanza Januari 1, 2023, ina maana hata Dar es Salaam na Nairobi: inataka makisio hayo yapimwe upya kila hesabu zinapofungwa, kwa riba za sasa. Ni hatua njema, ila nusu. Hesabu hizo kwa kawaida huchapishwa kwa Kiingereza cha wahasibu, ilhali anayekatwa mshahara kila mwezi kulipia bima ni mwalimu au muuguzi asiyeizoea lugha hiyo ya kitaalamu.

Wasimamizi wa bima wangeweza kudai ukurasa mmoja tu wa Kiswahili: kampuni imeahidi kiasi gani, imetenga kiasi gani, na imedhani riba ipi. Ajenti anayezunguka maofisini akigawa kalenda na kalamu za bure auache ukurasa huo mezani, kabla fomu haijatiwa saini.